Siku Uliponitafsiria Maneno ya Kocha

Mwanangu Zawadi,

Hali yako siulizi. Asubuhi nimekupikia uji, umekunywa mabakuli mawili, ukasema, "Mama, I'm so full," kisha ukala na mkate. Kwa hiyo najua u mzima.

Sasa hivi uko Catford kwa Mama Furaha, umekaa kwenye kile kiti chake cha plastiki, anakusuka. Amesema rasta nyembamba za kufunga nyuma zitachukua saa tano, na tukiongeza mazungumzo yake ni saa sita. Nimeona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nimekaa jikoni, nimezima redio, nimechukua daftari lako la zamani la hesabu, ambalo kurasa tupu ni nyingi kuliko zilizoandikwa.

Sitakuandikia habari za kufua jezi wala kula mboga. Hayo umeyasikia mpaka umechoka, na ambayo hukuyasikia utayaona mwenyewe. Kuna jambo moja tu ambalo nimelinyamazia miaka saba, na Jumapili ulinikumbusha bila kujua. Naogopa kwamba nisipolisema kabla hujaondoka, litakufuata hadi Hispania.

Najua unasoma Kiswahili polepole. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Uvira, siwezi kuandika kama unavyoandika wewe kwenye simu. Soma kwa sauti. Ukikwama mahali, rudia mstari. Usimpe mtu mwingine akusomee.

Jumapili, tulipotoka kanisani, yule Nuria alipiga simu ya video. Mliongea kwa simu yangu kwa sababu yako ilikuwa inachaji. Nilifurahi, maana nilitaka sana kumwona mtu utakayekaa naye nyumba moja na kucheza naye timu moja. Nilitegemea msichana wa rika lako. Nikaona mwanamke wa miaka thelathini na tano, mvi zimeanza pembeni, amekaa jikoni kwake anamenya vitunguu saumu huku anaongea. Nilimpenda hapo hapo. Nikakuambia umuulize: wewe umecheza mpira miaka mingi, umepata nini?

Uliona haya. "Mama, siwezi muuliza vile."

"Muulize."

Ukamuuliza kwa Kihispania chako cha shule. Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akajibu kwa muda mrefu, na alikuwa ananitazama mimi. Alipomaliza, ukanigeukia.

"Anasema kule kuko baridi mingi, nibebe blanketi."

Mtu amesema dakika tatu nzima, na yote ni blanketi.

"Mwambie asante," nikasema. Jumatatu nikaenda soko la Lewisham nikanunua lile la kahawia, zito kama mtoto wa miaka mitatu, ambalo unalalamika limekula nusu ya sanduku, tena mwezi wa nane. Barua hii nitaikunja ndani yake. Kama unaisoma, basi kweli kule kuna baridi, na tafsiri yako haikuwa uongo mtupu.

Zawadi, nilielewa alichosema. Unasahau kwamba kabla ya London tulikaa Liège, ulikozaliwa, na kwamba Kifaransa nimekisema tangu utotoni. Kihispania na Kifaransa ni ndugu. Sikushika kila neno, lakini nilishika ya kutosha. Alisema timu zimemwacha mara tano. Alisema katika daraja lile la chini kila mchezaji huifikia siku hiyo, na wewe pia utaifikia. Alisema siku hiyo utakuwa peke yako chumbani, maana yeye anaweza kuwa kazini, na kitu cha maana ni nani utampigia simu. Kisha akauliza kama utanipigia mimi. Hilo ndilo swali ulilogeuza blanketi.

Usikasirike kwa hili linalofuata. Jumanne, ulipokwenda kuwaaga wenzako, nilimpigia mwenyewe. Namba ilikuwa imebaki kwenye simu yangu. Kumbe alicheza msimu mmoja upande wa Ufaransa, Kifaransa chake kina makosa mengi na hakimsumbui hata kidogo. Tuliongea mpaka maharage yakaungua. Nilikuambia jirani ndiye ameunguza.

Nilimuuliza kila kitu. Nani anafua jezi? Mvua ikinyesha? Mnalipwa? Alicheka, akajibu yote. Alianza akiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu wavulana wa mtaani kwao walipungukiwa mtu mmoja. Tangu hapo amechezea timu sita. Msimu mmoja tu alifika daraja la pili, na msimu huo alikaa benchi na goti lililovimba. Miaka mingine yote ni la tatu kwenda chini. Timu moja ilikufa katikati ya msimu baada ya mwenyekiti kuuza basi. Asubuhi anafanya kazi mahali wanapotia pilipili hoho kwenye chupa, na anasema harufu ya siki haitoki mikononi hata siku ya mechi. Mazoezi ni saa mbili na nusu usiku, kwa sababu kabla ya hapo kila mtu yuko kazini kwake, yupo nesi, yupo anayegawa barua, wapo wanafunzi. Mechi ni Jumapili mchana kwenye nyasi za bandia. Watazamaji ni wazazi, mbwa, na wazee wanaongoja baa ya uwanja ifunguliwe.

Nikamuuliza kama haoni uchungu, miaka ishirini na hata watu wa mtaani kwake hawamjui. Akasema wanamjua sana, kwa sababu anaegesha gari vibaya.

Nikamuuliza kiungo hasa anafanya nini. Usicheke. Nimekutazama miaka kumi na mbili pembeni ya viwanja vya matope na sijawahi kujua. Mshambuliaji namwelewa, golikipa namwelewa. Wewe nilikuona unakimbia huku na huku kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Nuria alisema sehemu kubwa ya mechi kiungo anakwenda mahali ambapo mpira hautafika, ili adui amfuate na mwenzake apate nafasi. Nikamwambia, basi miaka yote hiyo binti yangu alikuwa anafanya kazi na mimi nilidhani amepotea. Akasema mama yake pia alidhani hivyo.

Tangu Jumanne nafikiria mambo hayo, na kila nikifikiria narudi palepale, kwenye mdomo wako.

Ulikuwa na miaka sita tulipofika hapa. Baba yako alibaki Liège na maisha yake, hilo unalijua. Miaka miwili haikuisha, wewe ukawa mdomo wangu. Kwa daktari wewe, ofisi ya nyumba wewe, benki wewe, umesimama kwenye vidole ili kaunta ikuone. Mwalimu wako alipolalamika kwamba unaongea sana darasani, wewe ndiye uliyenitafsiria, ukasema, "Anasema niko najikaza sana." Nilijua. Uso wa mwalimu haukuwa wa mtu anayesifu. Nilicheka njia nzima moyoni, nikaona mtoto wangu mjanja.

Lakini ulikuwa na miaka kumi siku ile hospitalini, daktari alipoongea juu ya uvimbe kwenye titi langu. Siku ile hukupunguza neno. Ulitafsiri kila kitu, na ulipofika kwenye neno usilolijua kwa Kiswahili ulijishika kifua chako mwenyewe kunionyesha. Kisha nikakupeleka shule, ukaingia kwenye somo la kuchora. Uvimbe haukuwa kitu, Mungu alitusaidia. Ila pale ndipo ningepaswa kuacha kukutumia, na sikuacha.

Sasa nisikilize. Kiingereza nilikuwa nakielewa. Kukisema kulikuwa kugumu, lakini kukisikia, baada ya miaka minne ya kusafisha maofisi pamoja na watu wanaoongea tangu alfajiri, nilikuwa nakisikia vizuri. Nilinyamaza kwa sababu kulinifaa. Tangu nilipotoka Uvira, kila ofisi niliyoingia iliniuliza maswali yale yale. Ulitoka kwa nini, mume yuko wapi, una ushahidi gani. Nilichoka kujibu. Nikagundua kwamba ukisema "no English" na kumsukuma mtoto mbele, wanakuacha upumue. Nilijificha nyuma yako, Zawadi. Nilikuwa mtu mzima na nikajificha nyuma ya mtoto mwenye begi la shule mgongoni.

Kisha ikafika ile siku ya kocha. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Kile chumba kidogo kando ya uwanja kilinuka soksi mbichi. Kulikuwa na watu wawili, kocha, ambaye ni yule mama mrefu, na mwanamume mwenye kompyuta. Kabla hawajasema neno, walinisogezea chupa ya maji na boksi la tishu. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya usafi iliponipunguza kazini, walinikalisha vilevile, maji, tishu na sauti ya upole. Watu wa hapa wakitaka kukukata, kwanza wanakupa maji. Nilijua kabla kocha hajafungua mdomo.

Alisema una akili ya mpira, una bidii, lakini wenzako wamekua na wewe hujakua, na msimu ujao hawatakuwa na wewe. Alisema anasikitika. Nilielewa yote, mwanangu. Wewe ulikuwa umekalia mikono yako. Ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukanigeukia na uso wa mtu anayesoma saa za basi.

"Banasema niko mukubwa sasa, mama. Banataka nifanye mazoezi na timu ingine. Ni siku zilezile, Jumanne na Alhamisi."

Nami nikasimama. Nikawapa mikono wote wawili, natabasamu. "Thank you. Thank you very much." Yule kocha macho yalimjaa machozi, akamwambia mwenzake kwamba mama huyu ana nguvu. Hilo nalo nililisikia. Kwenye basi ulitazama dirishani njia yote. Mimi nikafungua mkoba nikakupa biskuti. Mtoto wangu amefukuzwa, ametafsiri kufukuzwa kwake mwenyewe, na mimi nikampa biskuti.

Wiki ile ya kwanza ulitoka Jumanne na begi lako la njumu kama kawaida. Na Alhamisi. Wiki ya tatu nikakufuata. Ulivuka reli ukaingia ule uwanja wa wazi nyuma yake, penye vyoo vya matofali. Ulikuwa unapiga mpira ukutani, peke yako, kwa muda mrefu mpaka mimi nikachoka kusimama. Baadaye walikuja wanaume wazima kucheza, wakakuruhusu uingie. Ulikuwa mdogo kuliko wote, na ulicheza vizuri.

Nilishangazwa na kitu kimoja. Kila mara, kabla mpira haujakufikia, ulikuwa unageuza shingo kutazama nyuma. Mara kulia, mara kushoto. Nilidhani unatafuta mtu. Nilidhani umeniona, au unatamani nije. Mara moja ulitazama upande wangu kabisa, na mimi nikarudi nyuma ya ule ukuta wa vyoo.

Nilikuwa na fahari na nilikuwa na huruma, na aibu ilizidi vyote viwili. Nikitokeza, itabidi nikuambie nilivyojua. Nikikuambia nilivyojua, utaniuliza kwa nini nilikuacha useme peke yako. Nikaenda kituoni, nikapanda basi, nikapika sombe, yale majani ya muhogo, na bugali. Ulipofika nikakuuliza, "Mazoezi namna gani?" Ukasema, "Good." Tukala. Tulikula hivyo miezi minane, waongo wawili na sufuria moja, mpaka mama mmoja wa timu ya wanawake alipokuona ukicheza na wale wanaume na kukuchukua. Siku hiyo uliniambia umehamishwa tena. Nikasema asante tena.

Jumanne nilimuuliza Nuria habari ya shingo. Nilimweleza nilichoona, bila kusema nilikuwa nyuma ya vyoo. Akasema hicho ndicho kitu cha kwanza anachotazama kwa kiungo mgeni. Kiungo mzuri hutazama nyuma kabla mpira haujafika, ajue nani yuko wapi, ili mpira ukifika asishtuke. Akasema, hakuwa anakutafuta wewe, mama. Tukacheka sana. Nilipokata simu nililia, kwa sababu nilikuwepo. Ulitazama, nilikuwepo, na ulipaswa kunikuta.

Sikuandikii ili uniombe radhi kwa kunidanganya. Ulikuwa mtoto, na ulifanya ulichomwona mama yako akifanya kila siku, ulisema maneno machache ili uachwe upumue. Mimi ndiye ninayeomba. Nisamehe. Huhitaji kujibu haraka, na kama bado una hasira nitaelewa, ila niambie kwamba una hasira.

Sijui utacheza huko miaka mingapi. Nilimuuliza Nuria kama utafika juu. Akasema hajui, pengine hapana, na akasema kwa upole bila kunisogezea maji. Nilimpenda zaidi. Mimi sina habari na juu. Nina hamu ya kujua mambo mengine kabisa. Mnaimba nini kwenye basi mkishinda, na mkishindwa nani wa kwanza kuongea? Marefa wa kule nao wanapigiwa kelele na akina mama? Nuria anapokuita umpe mpira, anaitaje jina lako? Ile harufu ya siki ni kweli? Niambie hata mambo ya kipuuzi. Nimekutazama ukicheza miaka mingi nikidhani naona, sasa nataka unieleze.

Na siku ile ikifika, ya ujumbe kwenye simu au ya kuitwa kwenye chumba kinachonuka soksi, nipigie mimi. Nipigie kabla hujajipanga uso. Iseme jinsi ilivyo, kwa Kiingereza ukitaka, kwa Kihispania, nitaielewa. Usinigeuzie iwe blanketi. Huenda mimi nitasema upuuzi. Huenda nitakuuliza kama umekula. Nivumilie, bado najifunza.

Naandika haya leo, na wewe utayasoma siku ya baridi, Oktoba pengine, au Desemba kama nakujua ulivyo mbishi. Kwa hiyo kesho yangu itakuwa imeshapita kwako, na utakuwa umebaki na swali moja, siku ile Mama alikitoa wapi Kiingereza? Jibu lake ni barua hii.

Kesho pale uwanja wa ndege sanduku litazidi uzito. Nimelipima kwenye mzani wa Mama Furaha, litazidi. Yule mfanyakazi wa kaunta atasema kitu, na wewe utafungua mdomo kunisemea, kama ulivyofanya tangu una miaka saba. Nitakushika bega nikurudishe nyuma yangu. Kisha nitamjibu mwenyewe, maneno yote, na makosa yangu yote ndani yake. Utanitazama na macho makubwa, nami sitaeleza chochote, nitakukumbatia tu mpaka watu wa foleni wachoke.

Nasikia ufunguo wako mlangoni. Unaniita nije kuona nywele. Ngoja nifunge daftari.

Yule wa kaunta akisema tutoe blanketi, nitakataa kwa Kiingereza.

Mama yako